Aina za Maneno katika Kiingereza, na Namna ya Kuzitambua

Katika masomo ya Kiingereza yafundishwayo shuleni, ni machache yaonekanayo kuwa mepesi hali yana ugumu mwingi kama somo la aina za maneno. Mwanafunzi hupewa orodha ya aina nane, naye huikariri asubuhi na jioni mpaka aweze kuisema bila kusita: jina ni neno litajalo mtu, mahali au kitu, kitenzi ni neno lielezalo jambo litendwalo, sifa ni neno lielezalo jina, na kadhalika hata mwisho. Kisha huwekewa sentensi fupi, aonyeshe kila neno ni la aina gani, na hapo ndipo ajikwaapo. Aulizwapo habari za neno "fast" hujibu upesi kwamba ni sifa, maana alijifunza kwamba "a fast horse" ni farasi mwenye mbio. Lakini sentensi aliyopewa yasema "They fast on Fridays", yaani, wao hufunga siku za Ijumaa. Na katika sentensi hiyo "fast" ni kitenzi.

Wako wasemao kwamba kosa kama hilo ni la mtihani tu, wala halina madhara nje ya darasa. Sisi hatuoni hivyo. Kamusi ya Kiingereza huliweka neno moja mara mbili, tatu, au zaidi, na kila mara huweka alama ya aina yake. Asiyejua aina ya neno lililo mbele yake hutwaa maana ya kwanza aionayo, akaenda zake. Tufikiri juu ya maneno yaandikwayo mara nyingi juu ya chupa ya dawa: "Store in a cool place". Ajuaye kwamba "store" ni jina, lenye maana ya duka au ghala, wala hajui zaidi, atafasiri "ghala mahali pa baridi", na mgonjwa hataelewa kitu. Ajuaye kwamba hapa "store" ni kitenzi, na kwamba ni amri, atafasiri sawasawa: "Weka mahali pasipo na joto." Tena tufikiri juu ya mwalimu amwandikiaye mwanafunzi wake barua ya kumsifu kwa bwana atakayemwajiri. Ataka kusema kwamba kijana huyu hufanya kazi kwa bidii, "He works hard". Lakini amefundishwa kwamba vielezi vya Kiingereza huishia kwa "-ly", basi aandika "He hardly works", yaani, ni shida kumwona akifanya kazi. Kijana abeba barua hiyo kwa furaha, asijue kwamba amebeba mashtaka yake mwenyewe. Basi jambo hili lina uzito, na ni wajibu wa mwalimu kulifahamu vema kabla ya kulifundisha.

Katika makala hii neno "jina" twalitumia kwa maana ya nomino, na neno "sifa" kwa maana ya kivumishi. Mengine, yaani kiwakilishi, kitenzi, kielezi, kihusishi, kiunganishi na kihisishi, yamekwisha kuzoeleka, wala hayahitaji maelezo.

Asili ya hesabu ya nane

Yafaa kwanza tujue hesabu hii ya aina nane imetoka wapi, maana wanafunzi wengi, hata na walimu, hudhani kwamba imo katika lugha yenyewe kama vidole vilivyomo mkononi. Sivyo. Hesabu hii ni ya Wayunani. Iko sarufi fupi ya Kiyunani ambayo kwa desturi huhesabiwa kuwa kazi ya Dionysius Thrax, mtu aliyeishi yapata mwaka 100 kabla ya Kristo, nayo yataja aina nane: jina, kitenzi, neno lishirikilo tabia za kitenzi na za jina pamoja, neno la kubainisha jina, kiwakilishi, kihusishi, kielezi na kiunganishi. Warumi walipochukua elimu hiyo waliona kwamba Kilatini hakina neno la kubainisha jina kama Kiyunani. Wakaliondoa, na mahali pake wakaweka kihisishi, hesabu ikabaki nane vile vile. Mwalimu aliyeieneza kuliko wote ni Donatus, aliyefundisha Roma katika karne ya 4. Na Mtakatifu Yeronimo, mfasiri wa Biblia ya Kilatini, alikuwa mwanafunzi wake. Kitabu kidogo cha Donatus kilisomwa katika shule za Ulaya kwa muda wa miaka elfu na zaidi.

Waingereza walipoanza kuandika sarufi ya lugha yao wenyewe, hawakuwa na kielelezo kingine ila hicho cha Kilatini. William Bullokar alipiga chapa sarufi ya Kiingereza mwaka 1586, naye aliifuata njia hiyo ya Kilatini. Mwaka 1762 Robert Lowth, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa London, alitoa sarufi iliyosifiwa sana; na mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alitoa ya kwake, ikaenea katika shule nyingi. Hao wawili hawakuhesabu nane bali tisa. Waliitenga sifa na jina, jambo ambalo wanasarufi wa Kilatini hawakulifanya, maana katika Kilatini sifa hubadilika mwisho wake kama jina libadilikavyo. Tena walirudisha neno la kubainisha, kwa kuwa Kiingereza kina "a" na "the".

Hata baada ya hapo hesabu haikutulia. Mwaka 1952 Charles Fries, mwalimu wa chuo kikuu huko Marekani, alitoa kitabu ambacho msingi wake ni mazungumzo ya watu yaliyonaswa katika simu. Aliyaacha majina ya zamani, akayagawa maneno katika mafungu makubwa manne, na vikundi 15 vya maneno madogo madogo yaungayo sentensi. Sarufi kubwa za siku hizi, kama ile ya Randolph Quirk na wenzake ya mwaka 1985, na ile ya Rodney Huddleston na Geoffrey Pullum ya mwaka 2002, huyaweka maneno kama "the", "this" na "every" katika fungu lao wenyewe, yasihesabiwe kuwa sifa.

Twayaeleza haya si kwa kutaka kumtia mwalimu mashaka, bali ajue kwamba orodha ya aina nane ni chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya lugha nyingine, kikaazimwa. Wazee wetu walisema, nguo ya kuazima haisitiri. Chombo hiki chafaa, nasi twakitumia, lakini mahali pengine kitabana na mahali pengine kitapwaya, na mwanafunzi asilaumiwe kwa mapungufu ya chombo.

Kwa nini neno moja huwa na aina nyingi

Msemaji wa Kiswahili amezoea kuitambua aina ya neno kwa kulitazama tu. Katika mzizi "-imb-" twapata "wimbo" na "nyimbo", "mwimbaji" na "waimbaji", "anaimba", "waliimba", "imbeni". Hakuna awezaye kudhani kwamba "waliimba" ni jina, wala kwamba "mwimbaji" ni kitenzi. Kila neno limevaa vazi la kazi yake, na vazi hilo laonekana mbele, katika kiambishi.

Kiingereza cha zamani nacho kilikuwa na mavazi, ila yalivaliwa mwisho wa neno. Kabla ya mwaka 1066, jina la upendo lilikuwa "lufu", na kitenzi cha kupenda kilikuwa "lufian". Jibu lilikuwa "andswaru", na kujibu "andswarian". Katika karne zilizofuata miisho hiyo ilifupishwa katika usemi, ikadhoofika, hata mwishowe ikaanguka kabisa. Leo "love" ni jina na "love" ni kitenzi. "Answer" ni jina na "answer" ni kitenzi. Wala hapana alama iliyosalia ya kuyatenga. Waingereza walipozoea hali hiyo walianza kuyahamisha maneno kutoka kazi hii hadi kazi ile bila kuyabadili umbo.

Mfano mzuri ni neno "round". Katika "a round table" ni sifa, maana laeleza umbo la meza. Katika "the first round" ni jina, yaani zamu au duru ya kwanza. Katika "The boats round the point" ni kitenzi, maana mashua zazunguka rasi. Katika "He turned round" ni kielezi, maana lasema aligeuka namna gani. Katika "They walked round the church" ni kihusishi, maana laonyesha mwendo wao ulivyohusiana na kanisa. Umbo ni moja, aina ni tano. Ni kama mtu mmoja ambaye nyumbani ni baba, shuleni ni mwalimu, na Jumapili ni mzee wa kanisa. Hatuwezi kujibu swali "Huyu ni nani?" kabla hatujajua yuko wapi na anafanya kazi gani. Kwa hiyo swali la kumwuliza mwanafunzi si "Neno 'round' ni la aina gani?" Swali hilo halina jibu. Swali la haki ni hili: "Katika sentensi hii, 'round' ni la aina gani?"

Upungufu wa maelezo ya kukariri

Yale maelezo ya vitabuni hayatoshi, kwa kuwa yapima maana tu. Kitenzi, wasema, ni neno la kutenda. Basi "theft" ni nini? Wizi ni tendo, na tena tendo baya, lakini "theft" ni jina. "Arrival" ni tendo la kufika, nalo ni jina. Kwa upande wa pili, "belong" na "seem" ni vitenzi, walakini hakuna atendaye kitu katika "This book belongs to Paul". Kitabu kimelala mezani tu. Jina, wasema, ni neno litajalo kitu. Je, "kindness" ni kitu gani? Sifa, wasema, huleta habari za jina. Lakini katika "the school garden" neno "school" laleta habari za bustani, wala hatuwezi kusema "a very school garden", wala "the garden is school". Kwa hiyo "school" limebaki kuwa jina, ingawa limesimama mahali ambapo sifa husimama. Vitabu vya zamani vilisema kwamba jina hapo limegeuka kuwa sifa; wanasarufi wa siku hizi husema kwamba ni jina lifanyalo kazi ya kueleza jina jingine. Mwalimu asigombane na mwanafunzi aliyejibu kwa njia hii au ile, mradi aweze kutoa sababu.

Vipimo vinne

Badala ya maelezo peke yake, twashauri mwanafunzi apewe vipimo vinne, avitumie pamoja.

Kipimo cha kwanza ni umbo. Ingawa miisho mingi imeanguka, michache imesalia. Neno liwezalo kupokea "-s" ya wingi, au "-'s" ya kumilikisha, ni jina: "teachers", "the teacher's house". Neno liwezalo kupokea "-ed" ya wakati uliopita na "-ing" ni kitenzi: "walked", "walking". Neno fupi liwezalo kupokea "-er" na "-est" za kulinganisha aghalabu ni sifa: "older", "oldest". Lakini umbo hudanganya. Mwisho "-ly" ni wa vielezi vingi, kama "slowly" na "gladly". Walakini "friendly", "lovely" na "cowardly" ni sifa, tena "fast" na "hard" huwa vielezi bila "-ly" yo yote. Ndilo lililomponza mwalimu wa barua tuliyoitaja hapo juu.

Kipimo cha pili ni mahali. Kiingereza, kwa kuwa kimepoteza mavazi yake, hutegemea sana mpangilio wa maneno. Baada ya "the" au "a" hapana budi jina lifuate, ama mara moja ama baada ya sifa. Neno lisimamalo kati ya "the" na jina, na liwezalo kutanguliwa na "very", ni sifa. Neno lifuatalo "can", "must" au "will", na kukamilisha habari ya mtenda, ni kitenzi. Katika "The fast lasted forty days", "fast" limefuata "The" wala hapana jina jingine baada yake kabla ya kitenzi. Basi lenyewe ndilo jina.

Kipimo cha tatu ni badala. Tuondoe neno tusilolijua, tuweke mahali pake neno ambalo aina yake twaijua bila shaka, tuone kama sentensi yasimama. Katika "She sings well", tukiweka "sweetly" sentensi yasimama. "Well" ni kielezi. Katika "She is well again", "sweetly" haifai, lakini "strong" yafaa. "Well" ni sifa. Katika "The well is deep", "river" yafaa. "Well" ni jina. Katika "Well, let us begin", neno hilo laweza kuondolewa kabisa na sentensi isipungukiwe na kitu; ni kihisishi.

Kipimo cha nne ni sikio, na hiki walimu wengi wakisahau. Maneno kadha wa kadha ya Kiingereza huandikwa sawa lakini husemwa mbalimbali kwa kadiri ya aina yake. "Use" ikiwa jina huishia kwa sauti ya "s". Ikiwa kitenzi, kwa sauti ya "z". Kadhalika "house" na "excuse". Maneno kama "record", "present", "object" na "permit" yakiwa majina huwa na mkazo katika silabi ya kwanza. Yakiwa vitenzi, katika silabi ya pili. Msemaji wa Kiswahili huweka mkazo katika silabi iliyo kabla ya mwisho, na katika neno la silabi mbili hiyo ndiyo ya kwanza. Kwa hiyo watoto wetu huyasoma yote kana kwamba ni majina. Kusoma vibaya kwa sauti huku mara nyingi ni dalili kwamba msomaji hakuitambua aina ya neno, wala hakufahamu asomayo.

Mahali penye mitego

Mtego wa kwanza ni maneno ya "-ing". Katika "The children are singing" ni sehemu ya kitenzi. Katika "the singing children" neno laeleza jina. Katika "the singing of the children" ni jina, maana limetanguliwa na "the" na kufuatwa na "of". Lakini je, "Singing hymns pleases them"? Hapa "singing" lapokea "hymns" moja kwa moja, kama kitenzi kipokeavyo mtendwa wake. Hata hivyo fungu zima "singing hymns" ndilo lililo mbele ya "pleases", kama jina. Jambo hili lisimtishe mtoto wa Kiswahili, kwani analo katika lugha yake. Asema "Kuimba nyimbo kwawapendeza." "Kuimba" lapokea "nyimbo" kama kitenzi, tena laongoza "kw-" katika "kwawapendeza" kama jina. Neno ni moja, sura ni mbili, na mtoto hulisema kila siku bila kusumbuka.

Mtego wa pili ni maneno kama "before", "after" na "since". Hapa atazame kifuatacho. Katika "before the feast" lafuata jina tu, ni kihusishi. Katika "before the feast began" lafuata fungu lenye mtenda na kitenzi chake, ni kiunganishi. Katika "I have seen him before" halifuatwi na kitu, ni kielezi. Hivyo ndivyo vitabu vingi vya shule vifundishavyo. Huddleston na Pullum huhesabu yote matatu kuwa kihusishi kimoja, wakisema kwamba kitenzi chaweza kufuatwa na vitu mbalimbali na kikabaki kitenzi, kwa nini kihusishi kisiwe hivyo? Hoja yao ina nguvu. Lakini mwanafunzi atakayefanya mtihani na afuate kitabu cha mtihani wake.

Mtego wa tatu ni neno "that". Likiweza kubadilishwa kwa "this", ni neno la kuonyesha: "That book is mine" laeleza jina, na "That is mine" lakaa mahali pa jina. Likiweza kubadilishwa kwa "which", ni kiwakilishi cha kurejea: "the book that I bought". Lisipokubali hili wala lile, nalo laweza kuachwa bila kuharibu maana, ni kiunganishi: "I know that he is here".

Mtego wa nne ni sifa zifuatazo vitenzi vya hali. Mwanafunzi aliyekaripiwa kwa kusema "He sings good" huogopa, akaanza kusema "The soup smells well". Lakini mchuzi haufanyi kazi ya kunusa. Tuweke "is" mahali pa kitenzi; maana ikikaribia kubaki ile ile, neno lifuatalo ni sifa. "The soup is good" yafaa, basi "smells good" ndiyo sahihi. "He looked angry" ni karibu na "He was angry". Lakini "He looked angrily at the boy" haiwezi kuwa "He was angrily", kwa kuwa hapa alitazama kwa kweli, na kielezi chasema alitazama namna gani.

Tusipime Kiingereza kwa Kiswahili

Liko kosa moja ambalo ni letu sisi wa lugha hii, nalo ni kutambua aina ya neno la Kiingereza kwa kutazama tafsiri yake. "Hungry" hufasiriwa kwa "njaa". Njaa ni jina. Basi mtoto hujibu kwamba "hungry" ni jina. Lakini Mwingereza husema "I am hungry", na "a very hungry child", na "hungrier". Vipimo vyote vyaonyesha sifa. Kiswahili husema "nina njaa", yaani niko pamoja na njaa, na Kiingereza huieleza hali ile ile kwa sifa. Kadhalika "naogopa" ni kitenzi, bali "I am afraid" ina sifa. "Amechelewa" ni kitenzi, bali "He is late" ina sifa. Kinyume chake, "nakubali" ni kitenzi na "I agree" ni kitenzi vile vile. Lakini mtoto aliyezoea "I am afraid" na "I am late" huongeza "am" mahali pasipotakiwa, akasema "I am agree". Kosa hilo halitaisha kwa fimbo. Litaisha mtoto atakapojua kwamba "agree" ni kitenzi, chenye "agreed" na "agreeing", wala hakihitaji msaada wa "am".

Tena sifa zilizo asili ya Kiswahili ni chache. Mahali pa Kiingereza "a just man" sisi husema "mtu wa haki"; mahali pa "an angry man" husema "mtu mwenye hasira". Na kihusishi cha Kiingereza mara nyingi kwetu kimefichwa ndani ya kitenzi: "write for him" ni "mwandikie", na "for" imo katika "-ia". Mtoto akitafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno la Kiingereza, hataliona, atadhani kwamba "for" haina kazi. Mwalimu na amwonyeshe kwamba lugha mbili zaweza kusema habari moja kwa njia mbalimbali, wala hakuna iliyopungukiwa.

Mfano wa kufanyiwa kazi

Tutoe sentensi moja, tuipime mbele ya darasa: "The old teacher soon saw that the well behind the church was dry." Tuanze na kitenzi, maana ndicho nguzo ya sentensi; kikipatikana, mengine hujipanga. "Saw" laweza kuwa jina, yaani msumeno. Lakini halikutanguliwa na "the", bali na mtenda na kielezi, tena tukiweka "learned" sentensi yasimama. Basi ni kitenzi, wakati uliopita wa "see". Aliyeona ni nani? "Teacher", ni jina. "Old" liko kati ya "The" na jina, lakubali "very", ni sifa. "Soon" lasema aliona lini, ni kielezi. "That" halikubali "this" wala "which", tena laweza kuachwa, ni kiunganishi. "Well" limetanguliwa na "the", nalo laweza kuwa "wells". Ni jina, yaani kisima, wala si "vema". "Behind" lafuatwa na "the church". Ni kihusishi, na "church" ni jina. "Was" ni kitenzi. "Dry" laweza kuwa kitenzi kwingineko, kama katika "Dry your hands", hapa lafuata "was" na lakubali "very", ni sifa. Neno "The" au "the", mara tatu, ni neno la kubainisha. Sentensi ni ya maneno 13, na manne miongoni mwake, "saw", "that", "well" na "dry", yangempoteza yule aliyekariri orodha tu.

Sentensi moja ya namna hii kila siku, ikifanywa ubaoni kwa dakika kumi, yafaa kuliko kurasa tano za kukariri kwa juma. Mwalimu asiridhike na jibu lililo sahihi, kila mara na aulize, "Umejuaje?" Mtoto ajibuye "kitenzi" kwa kubahatisha na mtoto ajibuye "kitenzi, kwa sababu lafuata 'must'" hawako sawa, ingawa wote wawili hupata alama moja. Na mwalimu mwenyewe, aandaapo somo, na aitumie kamusi mbele ya wanafunzi wake, awaonyeshe zile alama ndogo zilizo baada ya neno, wajifunze kuzisoma kabla ya kuisoma maana. Atakayezoea hivyo tangu utoto hatapotezwa kwa urahisi na maandiko ya chupa ya dawa, wala ya barua, wala ya kitabu atakachotakiwa kukifasiri kwa ajili ya wengine.